Bi Pasi na Kiti cha Shemeji Yake

Bi Pasi alikuwa dobi, na duka lake lilipakana na langu kwenye barabara ya posta. Mimi nachonga funguo. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua siku yake ilivyokwenda hata kabla sijamwona. Akiwa amekasirika, pasi ilitua mezani kwa kishindo. Akiwa na furaha, unasikia mvuke tu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono imejaa alama za kuungua. Hakuwa mtu wa maneno. Mteja akija kulalamika, alimtazama tu mpaka mteja mwenyewe akaanza kuomba radhi. Suti za mawakili, sare za manesi, mashuka ya nyumba za wageni, mapazia ya ukumbi wa sinema, vyote vilipita mikononi mwake. Mumewe ndiye aliyekwenda kuzichukua na kuzirudisha kwa pikapu. Tulimwita Bwana Taratibu, kwa sababu nyonga yake ilikuwa mbovu tangu ujanani na kila hatua aliipanga kabla ya kuipiga. Alipenda mzaha. Akifika alitangaza dirishani, "Ndege imetua," halafu sote tunasubiri mpaka mguu wa pili ufike chini. Pikapu aliiegesha mbele ya duka kabisa, mlango kwa mlango.

Bi Pasi alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, ambaye alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Mdogo mtu aliolewa na mwenye duka la samani barabara ya pili, ile inayotokea kituo cha mabasi. Bwana huyo alikuwa diwani wa kata yetu ya katikati ya mji. Sisi tulimwita Tai, kwa ajili ya tai anayovaa shingoni hata akienda kununua vitunguu. Yeye alidhani tunamfananisha na ndege, akalipenda jina. Tai zote hizo, na mashati, na suti za kuendea kwenye vikao, alizinyoosha Bi Pasi bure, kwa kuwa ni shemeji yake. Kwa hiyo siku aliposimama kwenye baraza la madiwani kuleta sheria ndogo ya maegesho, alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mtu aliyekuwa anakwenda kumuumiza.

Mji wetu ni mdogo, lakini magari yalikuwa yameongezeka na madiwani walitaka waonekane wanafanya kitu. Tai ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya barabara na maegesho. Akapendekeza kwamba barabara ya posta isiegeshwe gari lolote upande wowote, tangu asubuhi hadi jioni. Hata kusimama kidogo kushusha mzigo, marufuku. Atakayesimama atafungwa mnyororo kwenye gurudumu. Magari yote yaende kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Barabara ya duka lake la samani, ambayo ndiyo iliyobanwa na magari kuliko zote, haikuguswa. Kila mtu aliliona hilo, na kila mtu alilisema akiwa nyumbani kwake.

Baraza likaita wananchi watoe maoni. Tulikwenda wachache. Ukumbi wenyewe una feni kubwa inayozunguka bila kupuliza mtu, viti vya plastiki vya wananchi huku nyuma ya kamba, na kule mbele viti vya madiwani, vya ngozi, vinavyozunguka. Bi Pasi alisogea kwenye kipaza sauti. Alisema wateja wake wanakuja na mabunda, na mumewe hawezi kutembea kutoka nyuma ya soko. Aliomba nafasi moja tu ya kushushia mizigo, hata kama ni asubuhi peke yake. Hakulalamika, wala hakumtaja mtu.

Tai alizungusha kiti chake kidogo, akatabasamu. "Waheshimiwa, huyu ni shemeji yangu, na hakuna anayenyoosha nguo kama yeye," akasema. "Ila mji haunyooshwi kwa pasi."

Madiwani walicheka. Karani alicheka. Nyuma ya kamba nako wengine walicheka, wale ambao nguo zao ziko kwake mpaka leo. Bi Pasi alirudi kukaa, akaweka mkoba mapajani, akatazama mbele mpaka kikao kikafungwa. Sheria ikapita.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kujikaza kisabuni. Wateja wa magari walihamia kwa dobi wa karibu na hospitali. Bwana Taratibu alianza kuegesha nyuma ya soko na kuja na mabunda kwenye mkokoteni wa kukodi, yeye nyuma yake na fimbo, akipumzika kwenye kila nguzo ya taa. Mzaha wake ulikuwa bado upo. Alisema barabara imerefushwa na baraza kwa heshima yake.

Halafu ikaja siku ya jua kali. Nyonga ilikuwa imemuuma tangu alfajiri, na garini kulikuwa na mashuka ya nyumba nzima ya wageni. Akaamua kusimama mbele ya duka, ashushe upesi, aondoe gari. Kabla hajafungua hata mlango, askari wa manispaa wakafika na kulifunga gurudumu la mbele. Mmoja wao aliona haya. Alimwambia ashuke tu, akamalizane na ofisi, maana bila neno kutoka juu hawawezi kufungua.

Bwana Taratibu alikataa. "Nikishuka mtasema nimelitelekeza," akasema. "Nipo ndani yake. Mimi mnanifunga kwa sheria gani?"

Watu walicheka, naye akacheka, akaketi. Bi Pasi akampigia Tai. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mikono imelowa, simu ameiweka juu ya kaunta yangu na sauti imefunguliwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Alieleza kwamba mzee yuko garini, juani, na kwamba neno moja kutoka kwa diwani linatosha. Kule upande wa pili vijiko viligonga sahani. Walikuwa mezani.

"Dada, nikimfungulia mmoja itabidi niwafungulie wote," Tai akasema. "Sheria haina shemeji."

Simu ikakatwa. Bi Pasi aliendelea kuitazama pale kaunta kama vile ingesema jambo jingine.

Tulimpelekea Bwana Taratibu mwavuli na maji. Aliketi mpaka mchana ukageuka, na kioo cha gari kilikuwa kinamchoma kama tanuri. Alipoacha kutania tukajua tumefika pabaya. Mkewe alimsihi, akakubali kushuka. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Aliukanyaga kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo, akaanguka kati ya gari na ukingo wa barabara, juu ya nyonga ile ile. Pikapu yake mwenyewe ilikuwa hapo hapo na haikuweza kumpeleka hospitali. Tulimbeba juu ya mlango wa stoo yangu mpaka ilipokuwa teksi, nyuma ya soko.

Hakurudi tena barabara ya posta. Nyonga haikuunga, mapafu yakaingia maji, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha tukamzika.

Msibani Tai alikuja na suti nyeusi, akapita katikati ya watu mpaka kiti cha mbele, akaketi. Baadaye akasimama na kuongea kwa niaba ya baraza, kwamba tumempoteza mzee aliyeupenda mji wake. Mdogo wake Bi Pasi alikuwa analia kwa sauti. Bi Pasi hakulia. Alikuwa anatazama kola ya Tai, nami nikadhani ni akili ya mfiwa, inashika popote inapoangukia.

Watu walipoondoka nilibaki kumsaidia kupanga viti. Hapo ndipo alipozungumza.

"Ameketi kiti cha mbele kwenye msiba wangu," akasema. "Mimi nitakaa kwenye chake."

Nilimwambia apumzike. Akachukua kiti kingine, akakipanga juu ya vingine.

Nguo za mwisho za Tai zilikuwa bado dukani kwake. Alizifua, akazipiga pasi kuliko alivyowahi kuzipiga, mikunjo ya suruali unaweza kukatia mkate, akazituma kwa mtu na ujumbe mfupi kwamba shemeji atafute dobi mwingine. Kwa muda mrefu pasi ilikuwa inatua kwa kishindo asubuhi mpaka jioni, hata nilipokuwa nasaga funguo niliisikia juu ya mashine.

Uchaguzi ulipokaribia, alikwenda kuchukua fomu ya udiwani.

Mji ulidhani ni utani. Tai mwenyewe alidhani hivyo, akasema mbele ya duka lake kwamba kila mtu ana haki ya kujifurahisha. Lakini Bi Pasi alifunga duka kila mchana na kutembea. Aliingia duka baada ya duka, saluni, gereji, vyumba vya kupanga vya ghorofani, ofisi za mawakili. Hakuahidi maji wala taa. Alisema, "Mnanijua. Mnajua na lililompata mume wangu. Nataka ile kamati ya maegesho." Basi. Watu waliozoea kuahidiwa mbingu walishangaa kuombwa kitu kidogo namna ile.

Kilichomsumbua Tai hasa kilikuwa jambo jingine. Kuna watu waliokumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo suti zake zilipita kwa Bi Pasi, na suti ina mifuko. Wakaanza kumwuliza dobi alikuta nini. Yeye alikuwa anawaangalia, anafikiri kidogo, kisha anasema, "Vifungo tu." Namna alivyokuwa anafikiri kabla ya kujibu ndiyo iliyofanya kazi. Katika mkutano mmoja wa hadhara aliulizwa tena, na Tai alikuwa jukwaani. Nilimwona akishika mfuko wa koti lake bila kujua.

Nilimwuliza Bi Pasi tukiwa wawili kama kweli kulikuwa na kitu. Akasema kilikuwepo, na kwamba hatakisema, si kwa sababu ya huruma. "Nikikisema atakuwa amejua mwisho wake uko wapi," akasema. "Acha aogope kisicho na mwisho."

Mdogo wake alikuja kumsihi ajitoe, akasema familia inachekwa. Walizungumza mlangoni wakiwa wamesimama. Hakukaribishwa kiti.

Alishinda kwa kura chache. Msimamizi alipotangaza, uso wa Tai ulimshuka, akageuka kumtafuta mkewe kwenye umati, na mkewe alikuwa anamtazama dada yake.

Siku ya kiapo Bi Pasi alivaa gauni la kijivu lisilo na hata mkunjo. Karani alimwambia vitaletwa viti vipya, kwa hiyo kile cha diwani wa kata ya katikati, alichokalia Tai, ambacho ngozi yake ilikuwa imechanika pa kuegemeza mkono, kingeweza kubadilishwa. Akasema hapana, anakitaka hicho hicho. Aliketi polepole. Nilikuwa nyuma ya kamba, na nilimwona akipapasa ile ngozi iliyochanika kwa kidole gumba, mbele na nyuma, muda wote wa hotuba za wengine.

Sote tulijua angeifuta ile sheria. Barabara ya posta ilikuwa inasubiri. Alipoleta marekebisho, sehemu ya kwanza ilikuwa hiyo: barabara ya posta ifunguliwe, magari yaegeshwe upande mmoja, mizigo ishushwe. Tulipiga makofi. Sehemu ya pili ilisema kwamba, ili magari yasizibe njia ya kuelekea kituo cha mabasi, barabara inayotokea kituoni isiegeshwe gari, wala lisisimame kushusha au kupakia, pande zote mbili, tangu asubuhi hadi jioni. Maneno yalikuwa yale yale ya sheria ya Tai. Alibadilisha jina la barabara tu.

Makofi yalipungua. Mhandisi wa manispaa aliulizwa, akasema kitaalamu barabara ile kweli imebanwa na katazo lingesaidia. Mwenyekiti wa baraza, mwalimu mstaafu ambaye mji mzima umepita darasani kwake, alivua miwani.

"Diwani," akasema, "hii ni sheria au ni kisasi?"

"Mheshimiwa mwenyekiti, mhandisi amesema inafaa," Bi Pasi akajibu. "Kama kuna kisasi ndani yake, hakitazuia magari kupita."

Hakuna aliyecheka. Ikapigwa kura ya mikono. Nilihesabu kwa macho na kuona mikono ambayo sikuitarajia. Baadaye nikajua alikuwa amezunguka kwa wiki kadhaa akiwaunga mkono wenzake kwa hili na lile: huyu uhamisho wa mabanda, yule taa za uwanja. Mtu asiyependa maneno alikuwa amejifunza kuyauza. Ikapita.

Askari walipoanza kazi kwenye barabara ile, Bi Pasi alifunga duka asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu uchaguzi, akavaa vizuri, akaenda kusimama ng'ambo ya duka la samani, kwenye kivuli cha duka la simu. Nilikwenda naye kwa sababu niliogopa watashikana. Haikuwa hivyo. Lilikuja lori dogo la mteja kuchukua kabati. Vijana wa Tai walikuwa wameshaliinua, limefika nusu ya mlango, mnyororo ukaingia kwenye gurudumu. Tai alitoka mbio, tai imepinda. Aliongea na askari, akaonyesha kwa mikono, akatoa simu. Mara akaliona lile gauni la kijivu ng'ambo. Walitazamana. Kabati lilikuwa bado limening'inia mikononi mwa vijana, na mmoja aliuliza kama waliteremshe au walirudishe.

Bi Pasi aligeuka tukaondoka. Siku ile sikusikia pasi hata mara moja. Mvuke tu.

Samani si kitu cha kubeba mkononi kutoka nyuma ya soko. Wateja wa Tai walipungua, kisha wakakatika. Vijana wake wakaondoka mmoja mmoja. Lakini barabara ile haikuwa ya Tai peke yake. Alikuwepo fundi vioo, jirani yake wa mlango wa tatu, mtu mfupi mwenye vidole vilivyofungwa plasta siku zote, ambaye alimfanyia Bi Pasi kampeni kwa nguvu kuliko mtu yeyote. Alikuwa rafiki wa marehemu. Sasa alilazimika kubeba vioo kwa miguu kutoka uwanjani, katikati ya watu, akipiga kelele wampishe. Kimoja kikubwa cha mlango wa benki kilimpasukia mikononi, akashonwa mkono mzima.

Alikuja dukani kwa Bi Pasi mkono umefungwa shingoni. Nilisikia kupitia ukutani. Alisema anaelewa, na kwamba yeye pia alimpenda marehemu, ila sasa inatosha, walau waruhusiwe kupakia na kushusha. Bi Pasi alimpa pole. Akamwambia avumilie.

"Mpaka lini?" fundi akauliza.

"Bado," Bi Pasi akasema.

Nilichukizwa na neno hilo. Nilimwambia hivyo jioni tukifunga milango. Alisema nina haki ya kuchukizwa, akavuta komeo.

Mdogo wake alikuja baada ya hapo. Safari hii Bi Pasi alimkaribisha, lakini ndani, kwenye chumba cha nyuma ambako wanakunjia mashuka, na mimi nilikuwemo kwa sababu kitasa cha dirisha kilikuwa kimekwama na nilikuwa nakilegeza. Nilitaka kutoka. Bi Pasi akaniambia nimalize kazi yangu.

Mdogo mtu alikuwa amekonda. Alisema mumewe halali. Alisema wameshaanza kuuza vitu vya dukani kwa hasara. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Dada, yeye umemlipa. Mimi unanilipa kwa lipi?"

"Siku ile nilipopiga simu," Bi Pasi akasema, "ulikuwa umekaa upande wake gani?"

Mdogo mtu alishika ncha ya shuka lililokuwa mezani. "Wa kulia," akasema.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukasema nini?"

Nilisimamisha bisibisi. Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Nilimuongezea mchuzi," mdogo mtu akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Hakuyafuta. Alisema alidhani ni mambo ya dakika chache, kwamba shemeji angeshuka, kwamba hajui kwa nini hakusema neno, kwamba amejiuliza kila siku. Bi Pasi alimsikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atamshika mkono. Alichukua shuka kutoka kwenye vidole vyake, akalikunja, akaliweka juu ya mengine.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu," akasema. "Mumeo atakuwa anakusubiri."

Baraza liliita tena wananchi kutoa maoni juu ya maegesho, kama sheria inavyotaka kila baada ya muda. Bi Pasi sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati, na kikao alikiongoza yeye. Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wamesikia kwamba Tai atakuja, na kweli alikuja, akapanga foleni nyuma ya kamba kama sisi wengine. Shati lake lilikuwa na makunyanzi mgongoni. Alipofika kwenye kipaza sauti alikishusha, akakohoa, akamtazama shemeji yake. Nadhani alikuwa amejiandaa. Sote tulikuwa tumejiandaa. Tulikuwa tunasubiri amrudishie neno lake, lile la sheria na shemeji, maana mji mzima ulikuwa unalijua. Naye Tai nadhani alilitaka, ili aweze kusema: haya, tumelipana.

Bi Pasi alichukua kalamu. "Jina lako kamili," akasema, "na unaishi mtaa gani."

Karani akainua kichwa. Mwanamke yule alikuwa amekula nyumbani kwa mtu huyu, amemuozesha mdogo wake, amepokea watoto wake walipozaliwa.

"Unanijua," Tai akasema.

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu za kikao," Bi Pasi akasema. "Kila mwananchi anaulizwa."

Akalitaja jina lake. Akataja mtaa. Sauti ilikuwa imepungua, na karani akamwomba arudie. Akarudia. Kisha akasema aliyokuja kusema, kwamba biashara imekufa, kwamba anaomba nafasi moja tu ya kupakia mizigo, hata kama ni asubuhi peke yake. Sidhani alikumbuka ni nani aliyeyasema maneno hayo mahali pale pale. Bi Pasi aliandika yote. Akamshukuru kwa maoni yake kama alivyomshukuru mtu wa mbele yake aliyelalamikia mbwa, akaita anayefuata.

Nilimwuliza tukirudi ilikuwaje. Hakumung'unya maneno. Alisema ilikuwa tamu, tamu kuliko alivyodhani, na kwamba watu wanaosema haiwi tamu hawajawahi kuionja.

Tai alifunga duka la samani muda mfupi baadaye. Jengo likachukuliwa na wauza vitabu vya shule. Na mara tu kibao kiliposhushwa, kwenye kikao kilichofuata, Bi Pasi mwenyewe alileta pendekezo kwamba kwenye barabara inayotokea kituoni magari yaruhusiwe kusimama kupakia na kushusha mizigo. Likapita bila mjadala. Hakuficha kwamba alikuwa analisubiri. Fundi vioo akapata nafuu, vioo vikawa vinashushwa mlangoni, na mkono ulipona ukiacha kovu kuanzia kiganja hadi kiwiko. Alikutana na Bi Pasi mara nyingi baada ya hapo. Alipita tu, kama mtu anayepita nguzo.

Bi Pasi alimaliza kipindi chake na hakugombea tena. Walimfuata, wakamwambia amefanya kazi nzuri, barabara ya posta imechangamka, na ni kweli ilikuwa imechangamka. Akasema alichokuwa anakitaka barazani amekipata. Akarudi kwenye meza yake, wateja wakarudi na mabunda, pikapu akaiuza. Tai anatengeneza vitanda vya kuagizwa uani kwake, na nasikia ni fundi mzuri kuliko alivyokuwa diwani. Niliwahi kumwuliza Bi Pasi, kazi ikiwa imepungua, kama ingekuwa leo angefanya vile vile. Alifikiri kwa makini, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Ningeanza mapema," akasema.

Dada hao hawatembeleani. Juzijuzi nilikuwa nimekaa naye nje ya duka, mdogo wake akapita ng'ambo ya barabara na mfuko wa mboga. Hakugeuka kututazama. Gauni lake la bluu lilikuwa na alama ya kahawia begani, umbo la pasi, iliyoachwa na dobi mwingine. Bi Pasi alimfuata kwa macho mpaka akapinda kona ya posta, na hata baada ya hapo aliendelea kutazama kona.

"Wamemuunguzia gauni," akasema.

Akainuka, akaingia ndani.